Alama ya Jua la 2016, na Maswali Mengine ya Macho

Mwezi uliopita nilitaja kwa sentensi moja tu kwamba siku hizi iko kamera inayopiga picha ya seli moja moja ndani ya jicho la mtu aliye hai, kisha nikaendelea na habari za miwani ya kusomea kana kwamba sijasema kitu. Wasomaji hawakuniachia. Barua na jumbe zilizonifikia hapa Mikindani ni nyingi, na karibu zote zinauliza mambo mawili: iko wapi, na ni shilingi ngapi. Nimechagua tano. Wanaoniita daktari nawaomba tena waniite muuguzi. Nimekaa miaka 31 kwenye chumba chenye giza nikimulika macho ya watu wa Mtwara na Lindi, lakini daktari bingwa sijawahi kuwa, na sasa nimeshastaafu.

*Shikamoo Bibi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Masasi, nina miaka 24. Tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa, nilikuwa darasa la saba. Mwalimu alitukataza, lakini tulijificha nyuma ya choo cha shule tukatazama, kwanza kwa kipande cha filamu ya eksirei, baadaye macho makavu. Tangu hapo jicho la kulia lina kidoa katikati. Nikisoma namba ya simu, tarakimu moja inamezwa. Nimepimwa mara mbili naambiwa jicho zima. Wenzangu wanasema natunga. Kamera yako inaweza kukiona?*
Kijana wa Masasi

Marahaba, mjukuu wangu. La kwanza, nakuamini. Mtu anayetunga hasemi tarakimu moja inamezwa. Husema haoni vizuri, basi.

La pili nina deni nawe, ingawa hatujaonana. Siku ile naikumbuka. Kilele cha kupatwa kule kilikuwa huku huku kwetu kusini, kati ya Tunduru na Masasi, yapata saa sita mchana, mwezi ukakaa katikati ya jua likabaki pete ya moto. Wiki iliyofuata nililetewa watoto wanne waliotazama. Niliwatia dawa ya kutanua mboni, nikawamulika mmoja mmoja. Watatu sikuona kitu. Mmoja nilidhani naona kinukta cha manjano katikati, nikafuta kifaa changu, nikatazama tena, nikawa sina hakika. Wote wanne waliposoma herufi walifika chini au karibu na chini. Nikaandika kwenye faili zao: macho mazima. Barua yako imenirudisha kwenye faili zile.

Kwa nini sikuona? Kifaa nilichoshika mkononi ni mjukuu wa kile alichobuni Mjerumani Hermann von Helmholtz, akakitangaza mwaka 1851. Kinamulika retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Unaona mishipa ya damu, unaona mshipa wa fahamu unapoingilia, unaona rangi ya nyama. Seli zenyewe huzioni. Pale katikati kabisa, mahali unapoelekeza jicho ukisoma, zimebanana seli za mwanga zinazoitwa koni, kiasi cha 200,000 kwenye milimita moja ya mraba. Kila moja ina upana wa maikroni 2 hivi, na maikroni ni milimita iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wako mmoja unaweza kufikia maikroni 100. Jua likiunguza sehemu ndogo pale, wewe utakosa tarakimu, na mimi sitaona kitu.

Tatizo halikuwa ukali wa macho yangu, wala hata kifaa. Tatizo ni jicho lako mwenyewe. Hakuna jicho lililochongwa sawasawa. Kioo cha mbele kina vilima na mabonde, lenzi nayo ina yake, machozi yanatanda na kukauka kila unapopepesa. Mwanga unaotoka ndani kuja kwangu unapita kwenye makunyanzi hayo yote na kuvurugika. Wewe wa bodaboda unaijua hali hiyo: barabara ya Masasi saa nane mchana, lami imepata moto, lori lililo mbele linacheza kama limetoka majini. Mazigazi. Lori halina kosa, hewa ya katikati ndiyo inayochezacheza.

Na kweli dawa yake ilianzia kwa watu waliosumbuliwa na hewa. Wanajimu wanaotazama nyota kwa darubini wanaona zinametameta kwa sababu ya hewa, na kumetameta huko kunaharibu picha. Mwaka 1953 Mmarekani Horace Babcock alitoa wazo: tupime jinsi hewa inavyoupinda mwanga, halafu tuweke kioo kinachojipinda kinyume chake, papo hapo, ili upindo uufute upindo. Wanajeshi wa Marekani wakalichukua wazo hilo wakalifanyia kazi kwa siri, na sehemu kubwa ya siri hiyo ikafunguliwa mwaka 1991. Kwenye Chuo Kikuu cha Rochester, Junzhong Liang, David Williams na Donald Miller wakalitumia kwenye jicho. Mwaka 1997 walichapisha picha za koni ndani ya jicho la mtu aliyekaa kitini, anapumua, anasikia.

Linavyofanya kazi ni hivi. Mwanga hafifu unaingizwa jichoni, unagonga retina, unarudi nje. Njiani unakutana na safu ya vilenzi vidogo vidogo, kila kimoja kinaangusha nukta yake. Jicho lingekuwa limenyooka kabisa, nukta zingejipanga kama mikorosho ya shamba lililopimwa kwa kamba. Kwa sababu halijanyooka, nukta hii imesogea kushoto, ile imepanda juu. Kompyuta inasoma upogo huo na kuamuru kioo kilichosukumwa kwa nyuma na vijiti: kijiti hiki panda kidogo, kile shuka. Kioo cha Rochester kilikuwa na vijiti 37, na kila kijiti kinasogea maikroni chache tu. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi kila sekunde, kwa sababu jicho halitulii. Mimi naiita optiki ya kujirekebisha.

Nimeona picha yake. Mtoto wa dada yangu anasoma Marekani, alijitolea jicho lake kwenye maabara moja wakampa picha, naye akanitumia kwenye simu. Anasema alikaa karibu saa nzima ameng'ata kipande cha nta ya meno kilichofungwa mezani ili kichwa kisicheze, mate yanamtoka. Nilikuwa uani nachambua mtama. Nikaitazama picha, nikautazama ungo, nikacheka peke yangu. Punje nyeupe zimebanana kwenye weusi, nyingine zinang'aa, nyingine zimefifia, hakuna pengo. Ile yote ni sehemu ya jicho lake ndogo kuliko kichwa cha pini.

Sasa kidoa chako. Tarehe 21 Agosti 2017 jua lilipatwa Marekani. Mwanamke mmoja kijana wa New York alilitazama bila kinga kwa sekunde sita hivi, mara kadhaa, kisha akalitazama tena kwa miwani ya kuazima. Baada ya saa chache akawa anaona doa jeusi katikati. Madaktari wakampiga picha kwa optiki ya kujirekebisha, na Desemba mwaka ule wakaichapisha. Seli zilizoungua zilijipanga kama hilali, umbo lile lile la jua lililokuwa limeliwa siku ile. Jua lilikuwa limejipiga muhuri ndani ya jicho. Alipoambiwa achore anachokiona, alichora hilali.

Kwa hiyo jibu lako ni ndiyo, kamera ya namna hiyo inaweza kuona kidoa cha aina hii. Lakini haiko Mtwara, na karibu zote duniani ziko kwenye maabara za utafiti. Hata hivyo huna sababu ya kuisaka. Fanya hivi. Chukua daftari la hesabu la mirabaraba, weka nukta ya wino katikati ya ukurasa, funga jicho la kushoto, tazama nukta kwa la kulia ukiwa umeshika daftari umbali wa kusomea. Mistari ikikatika au kujipinda mahali, zungushia penseli. Rudia baada ya wiki. Kikibaki pale pale, hilo ni doa la kweli. Nenda na karatasi hiyo hospitali, uombe rufaa ya kupigwa OCT. Hicho ni kipimo kinachokata retina tabaka kwa tabaka kwa mwanga, kimekuwapo tangu 1991, na hospitali kubwa za macho nchini wanacho. Hakioni koni moja moja, lakini shimo la tabaka lililounguzwa na jua mara nyingi hukiona.

Dawa yake hakuna, nisikudanganye. Wengi hupata nafuu ndani ya miezi michache ya mwanzo, na kinachobaki baada ya miaka huwa kimebaki. Matone ya macho utakayouziwa mtaani hayafiki huko nyuma. Na ile filamu ya eksirei ndiyo iliyokuponza: inapunguza ukali unaokera, jicho linadanganyika linafunguka, na miale inayochoma inaendelea kupita. Retina haina maumivu, ndiyo maana hukusikia.

*Bibi, shikamoo. Nina binti wa miaka tisa mwenye ualbino, tupo Newala. Macho yake yanachezacheza na ubaoni haoni. Nimesoma habari ya kamera. Wakimpiga picha wataweza kumtibu?*
Mama wa Newala

Marahaba, mwanangu. Hawataweza, na yeye ni mgumu kupigwa hiyo picha kuliko wengine kwa sababu uliyoitaja mwenyewe, macho yake hayatulii. Kamera hii inatazama eneo dogo mno kwa mara moja, dogo kuliko kucha ya kidole gumba ukiwa umenyoosha mkono mbele. Jicho likicheza, picha inakimbia. Watafiti wanajitahidi kuzifuata kwa kompyuta.

Wamefanikiwa kwa baadhi, tena walichokikuta ni cha kukupa moyo. Katika ualbino ile sehemu ya katikati ya retina haijikamilishi mtoto akiwa tumboni. Kile kishimo chake huwa kifupi au hakipo. Tulifundishwa kwamba basi, wote wako hivyo. Picha zimeonyesha hawako sawa. Wapo ambao koni zao zimebanana karibu kama za mtu asiye na ualbino, na wapo ambao zimetawanyika sana. Kwa hiyo mwalimu akikwambia watoto wenye ualbino wote wanaona kiasi kile kile, mwambie si kweli. Binti yako apimwe yeye kama yeye.

Apimwe miwani, maana wengi wao wana hitaji kubwa la lenzi na wanapewa miwani myeusi tu ya kukinga jua, wanaachwa hapo. Akae dawati la mbele, mbali na dirisha lenye jua usoni. Asikatazwe kusogeza daftari puani. Hilo haliharibu macho. Asikatazwe kuinamisha kichwa upande, maana pengine ndipo anapopata pembe ambayo macho yake yanacheza kidogo. Kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kuzuia jua yale yanayotengenezwa Moshi kwa ajili yao, uliza hospitali ya wilaya. Hayo yatamfaa zaidi.

*Salaam. Nina miaka 63, niko Lindi mjini, sukari nimeishi nayo miaka 12 na presha juu yake. Mwanangu aliyeko Muscat anataka kutuma fedha niende India nikapigwe picha ya seli za macho. Hapa nyumbani nako walipita watu na mashine ya kompyuta, unashika chuma mkononi, karatasi inatoka. Imesema retina yangu imechoka. Niamini ipi?*
Mzee wa Lindi

Kaka yangu, karatasi hiyo washia jiko.

Nilikwenda mwenyewe kwenye kibanda cha namna hiyo, hapa hapa mkoani, msimu wa korosho watu wakiwa na fedha. Nikalipa, nikapewa kile chuma, nikakishika. Binti wa mashine akapigiwa simu, akatoka nje. Nilikuwa na muhogo kwenye kikapu. Nikakiegemeza chuma kwenye muhogo, nikatulia na ushungi wangu. Karatasi ikatoka kurasa nane. Retina ya muhogo nayo ilikuwa imechoka, na ini lake halikuwa zuri. Jicho linapimwa kwa kutazamwa. Kipimo cha retina ambacho hakikuingiza mwanga jichoni si kipimo.

Ya India ni ya kweli kwa maana kwamba kamera hizo zipo duniani na zimefundisha mengi kuhusu ugonjwa wako. Zinaona mishipa ile midogo kabisa, ambayo chembe nyekundu za damu, zenye upana wa maikroni 7 au 8, zinapita kwa foleni moja moja kama watu kwenye mlango wa daladala. Zinaona sukari inapoanza kutoboa mishipa hiyo na kuacha vivimbe vidogo, mapema kuliko kamera za kawaida. Wafaransa wanatengeneza moja inayopima unene wa ukuta wa mshipa, kwa sababu presha ya muda mrefu huunenepesha ukuta na kubana njia. Retina ni miongoni mwa mahali pachache mwilini ambapo daktari anaweza kutazama mishipa ya damu wazi wazi bila kukata ngozi.

Lakini hakuna daktari atakayekubadilishia matibabu kwa sababu ya hizo seli. Uamuzi wa kukupiga leza, au kukuchoma sindano ndani ya jicho, unatokana na picha ya kawaida ya retina na OCT. Kuna kingine, na samahani kwa kukisema: ukiwa na miaka 63 na sukari ya miaka 12, huenda mtoto wa jicho ameshaanza. Lenzi ikishakuwa na ukungu, kioo kinachojikunja hakisaidii. Kinanyoosha mwanga uliopinda, hakiondoi ukungu. Ungefika India na ile kamera isikuone.

Mwambie mwanao atume fedha, asizuie kabisa! Zitumike hivi: nenda hospitali ya mkoa, uwaambie nina kisukari, naomba kutanuliwa mboni na kutazamwa retina. Kila mwaka, hata kama unaona vizuri, maana sukari inakula retina kimya kimya na ukianza kuona giza umechelewa. Siku hiyo nenda na mjukuu, mwanga utakuumiza macho kwa saa kadhaa na hutaweza kupanda pikipiki mwenyewe. Kinachobaki nunua vidonge vya presha, uvimeze.

*Nina wapwa wawili, mmoja miaka 14 mwingine 19, Ruangwa. Jua likizama wanagonga milango. Tulisema wamerogwa, baadaye tukawapeleka Dar es Salaam, tukaambiwa ni ugonjwa wa retina wa kurithi. Wakatuambia hauna dawa. Hiyo kamera inaweza kuwafanyia nini?*
Mjomba mtu

Mjomba, umefanya vizuri kuwapeleka. Kama hawajapimwa upungufu wa vitamini A, wapimwe, kwa sababu upofu wa usiku unaotokana na lishe unatibika. Ila mkubwa na mdogo kushikwa pamoja, na daktari kuona retina, naelekea kuamini walichowaambia. Zinazotangulia kufa ni zile seli za kuonea gizani, zinazoitwa fito. Koni za katikati hudumu miaka mingi, ndiyo maana mchana wanasoma. Wazazi wao waulizwe kwa upole kama wana undugu wa damu. Huku kwetu binamu kumwoa binamu si ajabu, na baadhi ya magonjwa haya hupita njia hiyo. Si kosa la mtu.

Kamera haitibu. Inahesabu, na kuhesabu hapa ni jambo kubwa. Ugonjwa huu unakwenda polepole hivi kwamba mtu akipewa dawa ya majaribio leo, kipimo cha herufi kinaweza kukaa miaka bila kusema kama dawa inafanya kazi. Mwaka 2011 watafiti wa California walichapisha majaribio ya watu watatu. Jicho moja la kila mtu lilipandikizwa kichupa kidogo kinachotoa dawa taratibu, jicho la pili halikupewa dawa. Wakarudi kwenye kipande kile kile cha retina kwa zaidi ya miaka miwili wakihesabu koni zile zile. Kipimo cha herufi hakikuonyesha tofauti. Hesabu ilionyesha koni zinapungua kwa kasi zaidi upande usio na dawa. Dawa ile haikuja kuidhinishwa kwa ugonjwa wa wapwa zako, lakini njia ya kupima ilibaki.

Faida nyingine ni kujua nani bado ana seli za kuokoa. Kuna watu wasioona rangi kabisa tangu kuzaliwa; ilidhaniwa hawana koni. Picha zikaonyesha wengi wao wanazo, zimekaa tu hazifanyi kazi. Tiba ya kurekebisha vinasaba inahitaji seli iliyo hai, haifufui iliyokufa. Ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa retina ilikuwa Desemba 2017, kwa wenye hitilafu kwenye kinasaba kimoja tu, RPE65, na bei yake ilitangazwa kuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Najua ukisoma namba hiyo utaweka gazeti chini. Iokote tena. Cha kufanya leo ni kuandikishwa kliniki ya macho na kurudi kwa tarehe, na kuuliza kama sampuli ya damu inaweza kupimwa vinasaba, kwa sababu siku tiba ikishuka bei itaulizwa kwanza ni kinasaba gani. Huyo wa miaka 19 asipewe pikipiki. Wa miaka 14 asome kwa bidii akiwa bado anaona ubao, na ajifunze kuandika kwenye kompyuta bila kutazama vidole. Taa ya tochi ya kufunga kichwani, ile wanayotumia wavuvi wa usiku, ni bei ndogo na inaokoa magoti.

*Bibi mie nauza kanga sokoni hapa Mtwara. Kijana mmoja kaniambia Wazungu wamegundua rangi mpya ambayo haijawahi kuonekana, kwa kutumia hiyo mashine yako. Kweli? Nitaipata lini, maana wateja wangu wanataka kipya kila wiki.*
Muuza kanga

Hahaa, kweli kabisa, dada. Aprili 2025, watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Jicho lina koni za aina tatu, za nyekundu, za kijani na za bluu, na kwa kawaida hakuna mwanga unaoweza kuigusa ile ya katikati, yaani ya kijani, peke yake bila kuwagusa majirani zake. Wao wakazichora koni za mtu ramani, wakajua ipi ni ipi, kisha wakairushia leza ile ya katikati tu, moja moja, jicho likiwa linacheza na mashine inalifuata. Watu watano waliona rangi ya kijani-bluu iliyokolea kupita kijani chochote wanachokijua. Wakaiita olo.

Hata koni zenyewe hazigawanywi sawa kwa watu. Mwaka 1999 Austin Roorda na yule Williams wa Rochester walihesabu koni za wanaume wawili wanaoona rangi vizuri: mmoja nyekundu na kijani karibu sawa kwa sawa, mwingine nyekundu karibu nne kwa kijani moja. Wote wawili rangi wanaziona sawasawa. Sijui nani kati yao angechagua kanga nzuri.

Ila biashara yako haitafaidika. Olo haina wino wala uzi. Ipo wakati leza imewashwa tu, kwenye kijieneo kidogo cha jicho, na ukizima imekwenda. Hata nikikutumia picha, simu yako haina uwezo wa kuionyesha. Niwekee ile doti ya zambarau yenye mikorosho niliyoiona Jumamosi, nitakuja mwisho wa mwezi.